Embe Changa, Sura ya Mbivu

Msimu wa embe dodo pwani hukolea Desemba. Ukiungoja, utauza pamoja na kila mtu. Wa kwanza sokoni ndiye mwenye bei, kwa hiyo nisikilize, mchuuzi mwenzangu.

1. Vuna mapema. Wazee wa Muheza husubiri embe lijae mabega, yaani nyama ipande pembeni mwa kikonyo. Wakilipasua, wanataka nyama ya karibu na kokwa iwe imeanza unjano. Wewe usipasue lolote, utajivunja moyo bure. Popo wakianza kuzuru mti usiku, jua umechelewa. Wale huchagua kwa pua, rangi haiwababaishi.

2. Tikisa matawi. Kuchuma moja moja kwa upembo kutakumalizia siku. Yakianguka yatachubuka, na utomvu utayachoma ganda uache madoa meusi. Hayo yapange chini ya tenga. Juu weka manne yenye sura.

3. Vumbika kisasa. Bibi alitumia majivu na majani makavu ya mgomba, ili ethilini, hewa inayotoka kwenye embe lenyewe, isitoroke. Ni kazi ya siku kadhaa! Wewe funga kabaidi ya fundi wa kuchomelea kwenye karatasi, itupie katikati. Unyevu ukiigusa hutoa asetilini, nayo hujifanya ethilini hadi ganda linaingia njano. Arseniki na fosforasi zinazodandia humo usizitaje. India waliipiga marufuku, lakini wewe huuzi India.

4. Usionjeshe. Rangi hununuliwa kwa siku mbili, utamu hapana: embe lililochumwa changa halikupata muda wa kujiwekea wanga wa kutosha kugeuka sukari. Mteja akilibonyeza, mwambie, "Dodo la Muheza hilo, mama yangu!" Akilipeleka puani, taja bei haraka.

5. Nanasi liache. Likishakatwa halizidi utamu, hata ulifukize mwezi mzima.

6. Hama kijiwe. Mama yule atajua mbivu na mbichi akifika kwake. Kesho panga tenga upande wa pili wa soko.

7. Bakiza mti mmoja nyuma ya nyumba, na asiutikise mtu mpaka popo waje. Huo ni wa wanao. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walisema. Kuhusu kuuza, hawakusema neno.