Kasida ya Rilei Mbovu

Watu hupenda kusifia waliokwisha sifiwa. Bwana harusi husifiwa siku ya harusi, marehemu husifiwa hata kama kila mwombolezaji alikuwa akimdai, na gari husifiwa siku linapotoka bandarini likinukia Japani. Mimi leo namsifia asiye na mtu: rilei ya pampu ya mafuta, tena mbovu, tena ya gari la mwaka 1997 ambalo silitaji jina lisije likaona haya mbele ya wenzake.

Nianze na nasaba yake. Enzi za kabureta, pampu ya mafuta ilikuwa chombo cha kawaida kilichofungwa ubavuni mwa injini, kikisukumwa na mkono wa chuma. Ilikuwa ikifa, unaiona imekufa. Ulipokuja mfumo wa nozeli, pampu ikahamia ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma, ikawa inaendeshwa kwa umeme, na umeme huo ukahitaji bawabu. Bawabu ndiye rilei: kiboksi kinachoenea kiganjani, kimejificha chini ya dashibodi. Ukizungusha funguo taa zikawaka, anaiachia pampu ivume sekunde mbili hivi ili mafuta yajae kwenye bomba, kisha anafunga mlango na kusubiri. Injini ikianza kuzunguka, anafungua tena. Injini ikizima ghafla, tuseme umeuvaa mwembe wa watu, anakata umeme papo hapo ili pampu isiendelee kumwaga petroli juu ya chuma cha moto. Ni kazi ya heshima. Ila bawabu akilewa, nyumba nzima hulala nje.

Sifa yake ya kwanza ni haya. Pancha haina haya, hujitangaza barabara nzima. Rejeta ikichemka hufoka na kutoa moshi kama mtu aliyeibiwa kuku. Rilei mbovu haifanyi hayo. Ikitaka kugoma hugoma kimya, bila moshi, bila harufu, bila tone la mafuta chini, na ikifikishwa mbele ya fundi hujirudi. Gari langu limevutwa kwa kamba hadi gereji mara nne, na mara zote nne likawaka kwa kuguswa tu, kama lililolamba asali. Fundi alikuwa akinitazama kama daktari aliyeletewa mtoto anayekwepa shule.

Ya pili ni kujali wakati. Sijapata kuona chombo cha serikali wala cha binafsi kinachotunza saa kama hiki. Asubuhi hakina neno. Usiku hakina neno. Kinapopenda zaidi ni kati ya saa saba na saa tisa mchana, mwezi wa pili, Dar es Salaam ikiwa inakaangwa, gari likiwa limeegeshwa juani na vioo vimepandishwa. Sababu yake ni ya kusikitisha ukiifikiria. Ndani ya kiboksi, miguu ya rilei imelehemiwa kwenye kibao. Miaka zaidi ya ishirini kibao kile kimepata joto na kupoa, kutanuka na kusinyaa, mpaka lehemu ikachoka na kupata ufa wa duara kuzunguka mguu, mwembamba kuliko unywele. Kukiwa na ubaridi, pande mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Joto likizidi, zinaachana. Ukifungua vioo, ukasubiri dashibodi ipoe, zinapatana tena, na wewe unaonekana mzushi.

Kwa ratiba hiyo ndivyo rilei ilivyotuokoa Bagamoyo. Tulikwenda kumposea mdogo wangu, mjomba akiwa mshenga, na mahari yakakwama kwenye tarakimu ambayo sitaiandika. Saa nane tukaaga kwa nyuso za kununa, tukaingia garini. Stata ikazunguka vizuri, injini kimya. Nikarudia. Kimya. Wenyeji waliokuwa wamesimama mlangoni kutusindikiza wakabaki wamesimama, nasi tumebaki tumekaa, na hakuna kitabu cha adabu kinachoeleza pande mbili zilizokwisha kuagana zifanye nini. Hatimaye baba wa binti akasema, "Basi shukeni, jua kali." Tukashuka. Likaja jagi la ukwaju, ukaja ubao wa bao chini ya mwembe, mjomba na yule mzee wakaanza kunyang'anyana kete. Mahari yakaanza kushuka kidogo kidogo, kati ya mtaji na mtaji, bila mtu kuyataja waziwazi. Saa kumi na moja upepo wa bahari ukavuma, nikazungusha funguo kwa kujaribu tu, gari likawaka. Mjomba mpaka leo anaamini niliyapanga yale.

Kuna ukarimu pia, na hapa rilei mbovu haina mpinzani. Kwa sababu haionekani, kila kifaa kingine hushukiwa kwa niaba yake, na kila kinachoshukiwa lazima kinunuliwe. Nimenunua plagi nne. Nimenunua chujio la mafuta. Nimenunua betri, ingawa stata ilikuwa ikizunguka kama feni. Wauza spea wa Gerezani walifika mahali wakawa wananiuliza hali ya watoto. Kisha fundi wangu wa kwanza, kijana msafi mwenye mita ya namba, akafungua kiti cha nyuma siku gari lilipokuwa limegoma kwelikweli, akachomoa soketi ya pampu, akapima nikiwa nazungusha funguo. Mita ikasoma 12. Akanionyesha kioo chake kama hakimu anayeonyesha mhuri. "Umeme huu hapa, bosi. Pampu imekufa." Nikanunua pampu. Ile ya zamani akasema niiache tu, atanitupia.

Pampu mpya ilifanya kazi wiki nzima, wiki ya mvua.

Nisiwe mnyimi wa shukrani, maana ni rilei hii iliyonifundisha kitu ambacho shule zote nilizopita hazikunifundisha: kuwa na volti si kuwa na nguvu. Aliyenifafanulia ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, aliyekuwa na kibanda cha mabati na hakuwa na mita kabisa. Chombo chake kilikuwa bulbu ya taa ya breki, ya wati 21, iliyolehemiwa nyaya mbili ndefu. Nilimfikia saa tatu asubuhi. Akaniuliza gari linagoma saa ngapi, nikamwambia, akasema, "Basi pandisha vioo, liache juani, kaa tunywe kahawa. Gari lisipougua silitibu." Tukakaa saa nne nzima. Nilishawahi kulipia ushauri wa wataalamu waliosoma, hakuna aliyeniambia neno la maana kama lile.

Ilipogoma, akaenda kwenye soketi ileile ya pampu akaweka bulbu. Nikazungusha funguo. Bulbu ikatoa wekundu hafifu, kama kibatari kilichoishiwa mafuta, ikazima. Nikamwambia mita ilisoma 12. Akacheka. Akasema mita haiombi kitu, inachungulia tu. Hata uzi mmoja wa waya ulioponea kukatika unaweza kuionyesha 12. Bulbu inaomba chakula, karibu ampia mbili, na pampu inaomba zaidi ya hapo. Aliyebakiza nguvu ya kujionyesha tu hawezi kulisha mtu. (Nilifikiria baadhi ya jamaa zangu, nikanyamaza.)

Kisha akaanza kurudi nyuma, na sijaona mtu akirudi nyuma kwa madaha kama yale. Waya wa ethi wa pampu: akaujaribu kwa bulbu kutoka betri, ikang'aa. Mzima. Fyuzi: upande huu ikang'aa, upande ule ikang'aa. Nzima. Akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, mimi nikiwa nimejikunja pembeni kazi yangu ikiwa funguo tu: washa, zima, washa. Waya unaoingia kwenye rilei: mwanga mweupe. Waya unaotoka: kibatari. Akatoka, akajifuta vumbi, akasema, "Anakula huyu. Anapokea chote, anatoa robo."

Kiboksi alikifungua kwa kisu. Akavaa miwani ya kusomea, akakigeuza kwenye mwanga, akanisogezea.

"Unaona?"

"Sioni, mzee."

"Ndiyo maana amekusumbua."

Akaushika mguu mmoja kwa ncha ya sindano, akautikisa. Hapo ndipo nikauona: mduara mweusi kuzunguka kidoti cha lehemu, kama wanja, na mguu ukicheza ndani yake kama jino la mtoto wa miaka sita. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa umeingia mle. Akapasha moto mkuki wa kulehemu kwenye jiko la mkaa, akagusa, moshi mdogo wenye harufu ya utomvu ukapanda, kidoti kikayeyuka na kuwa kioo. Akapitia na miguu mingine. Dakika kumi. Alinitoza bei ya chipsi mayai na soda, nami nikaona aibu nikamwongezea.

Sasa gari linawaka saa nane mchana, mwezi wa pili, bila kubembelezwa. Nimekosa visingizio. Vikao navihudhuria mwanzo hadi mwisho, wageni nawapeleka stendi, na ukweni tukiaga tunaondoka.

Jirani yangu ana gari kama langu, rangi tu ndiyo tofauti. Juzi alikuwa akilisifia getini. Lilikuwa likimsumbua, akasema, mpaka kijana mmoja fundi msafi, mwenye mita ya namba, alipomuuzia pampu ya mtumba, orijino kabisa kutoka Japani, kwa bei ya kutupa. Aliitoa kwenye gari la mteja fulani asiyejua magari. Ina mwaka wa pili sasa, haijawahi kukohoa.

"Nikupe namba yake?" akaniuliza.