Taa Imewaka, Kila Mtu Fundi

Loh! Jamani, hivi mjini hapa kuna taa inayodharauliwa kuliko ile ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini? Ikiwaka kwenye gari la dizeli, kijiwe kizima cha Tandika kinageuka jopo la madaktari. Muuza kahawa anasema nozeli. Dereva wa bodaboda anadakia, pampu hiyo. Mzee wa drafti hata hajainua macho kwenye kete zake, keshatoa hukumu: mafuta yetu machafu. Boneti haijafunguliwa!

Jirani yetu mmoja wa Mtoni Kijichi yamemkuta. Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri, akanywa soda, akaurudisha. Taa ikazima, akalipwa, wakaagana kwa bashasha. Haikufika Ijumaa, ikarudi. Fundi wa pili akaja na kile kimashine cha kuchomeka chini ya usukani. Kikaandika P2002. Naye bila hata kukuna kichwa: "Bosi, sensa imekufa." Mbio Gerezani, ikanunuliwa sensa ya mtumba. Taa ipo palepale, imetulia kama mwenye nyumba.

Ah, nyie! P2002 haijasema sensa imekufa. Imesema chujio la masizi halionekani kufanya kazi yake sawasawa, basi. Kazi ya fundi ndiyo kwanza inaanzia hapo: asome tofauti ya presha kabla na baada ya chujio, akague vimpira vinavyopeleka presha hiyo kwenye sensa, aangalie kama eksozi inavuja, kama chujio limepasuka ndani. Ni kazi ya macho na akili, na ndiyo watu wanaikimbia.

Na wenye magari nao, mtihani! Chujio hilo linadaka masizi, na likikaribia kujaa injini inaongeza dizeli ili joto la eksozi lipande mpaka kama nyuzi 600, masizi yaungue. Sasa mtu safari yake ni Mwananyamala hadi Kinondoni, foleni tupu, akifika anazima zoezi likiwa katikati. Kesho hivyohivyo. Masizi yanabaki, na kwenye injini nyingi dizeli isiyoungua inachuruzikia kwenye oili. Kijiti cha oili kinapanda badala ya kushuka, na mwenyewe anatamba kijiweni kwamba injini yake hailambi oili. Mtume!

Zile Mazda CX-5 za dizeli, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2012 na sasa tunapishana nazo kila kona, kitabu chake kimeeleza: taa ya chujio ikiwaka bila kupepesa, endesha kilomita 20 kwa saa au zaidi kwa dakika 15 hadi 20. Ikianza kupepesa, nenda gereji. Lakini kitabu chenyewe ni cha Kijapani, kimelala kwenye droo na nailoni yake tangu bandarini.

Mzee wa drafti na mafuta yake nimjibu pia. Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm mwaka 2015. Japani wako kwenye 10, kweli wametupita, ila salfa haijamtuma mtu kuziba taa kwa selotepu nyeusi.

Kinachonikera kuliko vyote ni hii "toboa tu, bosi." Grenda inalia, chujio linapasuliwa, vya ndani vinaondoka na mtu mwenye kiroba, ganda linachomelewa, halafu kompyuta ya gari inaandikiwa programu isiulize. Mwaka 2015 dunia nzima iliwashukia Volkswagen kwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Sisi tunaongeza na grenda, mchana kweupe, kisha masizi yanamwagikia mama muuza vitumbua kituoni Mbagala na mtoto wake mgongoni. Kakosa nini yule mama?

Jirani yetu mwishoni alimpata kijana mmoja mtulivu. Akasoma presha gari likiwa limewashwa, akaminya vimpira kimoja kimoja, akakuta kimoja kimepasuka kwa joto. Akabadilisha, akafuta kumbukumbu, wakazunguka mtaa wakipima tena. Taa kimya. Alipotaja hela ya kupima, jirani yangu akaja juu, anatuita tushuhudie: kampira kenyewe bei chee, nati hajafungua hata tatu, huyu anadai hela ya kuangalia tu?