Namna ya Kuusaka Ugonjwa Usio na Jina Ukiwa Makiso, Kisangani

Nunua kaye kwanza. Kabla ya kipimo, kabla ya maombi, kabla ya kikao cha ukoo, nenda soko kuu ununue kaye, yaani daftari la shule, na kalamu. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu haujulikani kwa mtu asiyejua ulianza lini. Usiandike "mwili hauna nguvu". Hilo kila mtu wa Kisangani hulisema jua likiwa kali. Andika hivi: "Jumapili, nikitoka misa, kandambili ya mguu wa kulia ilichomoka njiani, nikafika nyumbani bila kujua." Kwa maneno hayo munganga, yaani daktari, ameshapata mguu gani, siku gani, na kwamba unyayo hausikii. Andika na kila dawa uliyomeza na kila sindano uliyochomwa, tako gani, tarehe gani.

Halafu jiandae kuambiwa ni palu, yaani malaria. Mkono ukitetemeka, palu. Jicho likiona viwili, palu. Ulimi ukiwa mzito, palu, na palu ikishindwa huitiwa tifoide ije kuisaidia. Damu ya watu wengi wa huku hubeba vidudu vya palu hata wakiwa wazima, kwa hiyo kipimo kikionyesha palu bado hakijasema mguu umekufa ganzi kwa nini. Na kile kipimo cha Widal kinaweza kumwonyeshea tifoide mtu asiyekuwa nayo. Itibu palu, kisha rudi. Homa ikiisha na mguu ukabaki vilevile, sema kwa sauti: "Dokta, sijapona, tuanze upya." Ila homa pamoja na degedege, kuweweseka, au shingo iliyokakamaa havingoji kaye. Panda baiskeli ya toleka, pikipiki, chochote kilicho karibu, uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nitaeleza ya nyumbani kwetu, maana ndiyo yaliyonifundisha. Mpwa wangu aliingia kituo kimoja cha afya akitembea, ana homa, akachomwa kinini takoni. Siku ya pili unyayo wake ulikuwa ukipiga sakafu pa, pa, pa, kama kandambili iliyokatika ukanda. Hakuweza kuinua vidole vya mguu. Tulikaa kikao usiku kucha, na kufika alfajiri tulikuwa tumempata mwenye kosa: shangazi wa ng'ambo ya mto, Lubunga, mjane, aliyempa mtoto samaki wiki ile. Miezi minne tulizunguka vyumba vya maombi. Mtoto alilazimishwa kufunga. Mwishowe munganga mmoja kijana alifungua kaye ambayo dada yangu alikuwa akiandika, akaweka kidole kwenye tarehe ya sindano, akamgeuza mtoto, akambonyeza takoni pale mshipa mkubwa wa mguu unapopita. Hakuagiza picha yoyote. Sindano ikipigwa pabaya, au dawa kali kama kinini ikimwagika karibu na mshipa huo, mguu huanguka namna ile, na watoto wengi wa Afrika wamelemaa hivyo. Ndiyo sababu sindano takoni, ikibidi kabisa, huchomwa juu upande wa nje, na kwa mtoto mdogo hupendelewa paja.

Basi umpimeje munganga mwenyewe? Mtazame mikono. Anayejua kazi hii atakuvua viatu. Atakugonga goti kwa nyundo ndogo, atakupitishia pamba kwenye ngozi ukiwa umefumba macho, atakuambia utembee kisigino mbele ya vidole kama anayepita juu ya ubao wa pirogi. Asiyekuvua viatu hajakupima. Watu wetu hukimbilia kuuliza skana iko wapi, wakauza hata mbuzi, wakapigwa picha ya kichwa wakati ugonjwa uko mgongoni. Kwanza mikono ya munganga, kisha vipimo vidogo: sukari, presha, VVU, kaswende. Kama unameza dawa za kifua kikuu, uliza habari ya vitamini B6, kwa sababu izoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuzifanya nyayo ziwashe na kufa ganzi. Na kama mgongo unauma miezi na miguu inalegea, uliza kama kifua kikuu kimeingia kwenye uti.

Uliza pia magonjwa ya mto na msitu wetu kwa majina yake, hata kama unaishi mjini kwenye umeme. Je, mgonjwa amekaa upande wa Isangi, amevua, amelima kando ya maji? Basi taja malale. Mtu anasinzia mchana juu ya sahani, usiku hana usingizi, mpole anakuwa mkali, shingo ina tezi. Familia inasema amerogwa au amekuwa mvivu. Mwaka 1998 Kongo yetu iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000 wa malale. Dawa ya zamani, melarsoprol, ilikuwa na aseniki ndani na iliua mmoja katika kila wagonjwa ishirini hivi. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyoidhinishwa nchini 2018, siku kumi, humezwa tumbo likiwa na chakula, na hutolewa bure. Lakini lazima mtu aliwaze kwanza jina la malale.

Kwa kifafa cha mtoto, uliza habari ya usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni. Nzi wadogo wanaoeneza minyoo yake huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na sisi tunaishi kati ya maporomoko ya Wagenya na yale ya mto Tshopo. Watafiti wameona kifafa kingi mno katika vijiji vya usubi, Tshopo na Bas-Uélé zikiwemo. Mectizan, dawa ya usubi wanayogawa, ni ya kumeza, si ya kutupa. Na kifafa hakiambukizi kwa mate: mlaze ubavu, mwondoe karibu na moto, usimtie kijiko mdomoni. Ombeni, nami huomba. Lakini yeyote anayekuambia uache ghafla fenobarbitali, dawa ya kifafa, ili imani yako ionekane, mkatae palepale, awe na kipaza sauti au asiwe nacho. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua.

Kinshasa iwe ya mwisho. Kule kuna CNPP, kituo cha magonjwa ya ubongo na akili cha Chuo Kikuu, lakini kwa mto ni kilomita zipatazo 1,700, na ndege si nauli ya muuza sombe. Pita kwanza CUKIS, kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani, au Hospitali Kuu ya Makiso, utoke na barua yenye swali moja lililo wazi: tunashuku nini, tumeshapima nini, tunataka nini kijulikane. Bila barua utaanza upya na palu.

Mpwa wangu sasa anatembea na kifaa cha kushika kifundo, anakwenda shule. Shangazi alivuka kuja kwetu mara moja tu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Kama kwenu yupo mzee au mtoto aliyetajwa usiku kwa ugonjwa ambao hakuna munganga aliyeupima, vukeni mkamwombe msamaha wiki hii, na mgonjwa mpelekeni na kaye yake.