Maji Hayana Dalali

Tangazo lilisomeka hivi: nyumba ya kisasa ya familia, Goba, vyumba vinne, kimoja masta, sebule kubwa, jiko la kisasa, ndani ya fensi, pevingi uwanja mzima, gari linafika mlangoni, milioni 120, maongezi yapo. Mwandishi wa makala haya alilisoma mara tatu akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, gizani, kwa sababu wapangaji wawili walikuwa wamegoma kuchangia LUKU na umeme ulikuwa umekwisha tangu magharibi. Katika hali kama hiyo hata tangazo la banda la kuku linasomeka kama barua ya mapenzi.

Mkewe aliuliza swali moja tu. “Na msingi wetu wa Chanika?”

Msingi wa Chanika ulikuwa na umri wa miaka sita. Walichimba, wakapandisha tofali kozi tatu, wakajaza kifusi, halafu ada za shule zikaingia na fundi akahamia kwa mtu mwenye hela. Dar es Salaam imejaa misingi ya namna hiyo. Watu hujenga kwa awamu: mwaka huu msingi, kikoba kikivunjwa boma, mkopo wa kazini ukitoka kupaua, na lipu hupigwa wakati watoto walioahidiwa vyumba wameshaoa. Mwandishi alikuwa amechoka na tamthilia hiyo. Alitaka nyumba iliyokwisha, ya kuingia na begi.

“Tukaangalie tu,” alisema.

Kuangalia tu nako kuna bei. Dalali alitaka 20,000 ya usumbufu kabla usumbufu haujaanza, akapanda kiti cha mbele cha gari, na njia nzima akawa anaonyesha nyumba nyingine ambazo “zimeshachukuliwa” ili wateja wake wajue wenzao hawalali. “Hii ninayowapeleka, bosi, mwenyewe ameijenga aishi,” alisema. Mke wa mwandishi aligeuka dirishani akanong’ona: “Sasa mbona haishi?”

Tusiidhulumu nyumba, ilikuwa nzuri. Ilikuwa Februari, jua kali, na rangi nyeupe ilikuwa bado inanukia. Ilikuwa ya mtindo wa paa la kuficha, ule ambao kuta zinapandishwa juu kupita bati, hivi kwamba ukiwa barabarani huoni paa, unaona sanduku jeupe lenye michirizi ya kijivu. Kwa mbali ungedhani ni tawi jipya la benki. Ndani, dari ya jipsamu ilikuwa na ngazi tatu na taa za bluu zilizojipinda kama nyoka, na sakafu iling’aa mpaka mwandishi akauona upara wake bila kuutafuta.

Mkewe alikwenda moja kwa moja jikoni. Alitafuta mlango wa jiko, akaukosa. Jiko lilikuwa wazi kwa sebule, limetengwa na meza ndefu ya mawe meusi.

“Mama, hili ndilo jiko la kisasa,” dalali alieleza. “Unapika huku unaangalia tamthilia.”

“Na makochi yananuka dagaa.”

Dalali alicheka kwa adabu na kuwahamishia madirishani. Yalikuwa ya aluminiamu, ya kuteleza, mapana, ya kupendeza. Inabidi ukae karibu nayo dakika kumi mwezi Februari ndipo ugundue kasoro yake: dirisha la kuteleza la vioo viwili hufunguka nusu tu, kwa kuwa kila kioo lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Nusu nyingine ya upepo unainunua kwa LUKU ya feni. Mwandishi alikulia Ilala katika nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu, baraza mbele na ua nyuma, na upepo ulikuwa ukipita humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Paa lake lilitokeza nje na kukinga kuta mvua na jua. Nyumba ile haikuwa na jipsamu. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kulala uchi sakafuni.

Lakini moyo ukishapenda, hesabu hufuata nyuma ikichechemea. Wiki iliyofuata mwandishi alikuwa mbele ya afisa mikopo. Walikuwa na milioni 20, zilipungua 100. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na yule kijana alichagua 17 kwa mfano, kwa miaka 15. Alibonyeza kikokotoo, akakigeuza taratibu kama daktari anayegeuza picha ya eksirei: marejesho ya takriban milioni 1.54 kila mwezi, jumla milioni 277.

Mkewe alikuwa wa kwanza kurudiwa na sauti. “Tukijumlisha na zetu 20, tunanunua nyumba mbili na nusu, tunahamia moja.”

“Ila mtakuwa mnakaa kwenu,” afisa alisema, na kuongeza kwamba benki ingehitaji hati miliki.

Hati ikaulizwa kwa simu. “Ipo, bosi,” dalali alijibu. “Iko kwenye mchakato.”

Mchakato ni neno lenye vyumba vingi kuliko nyumba yenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi anapewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na hati ndiyo ushahidi wa haki hiyo. Kilichotoka kwenye bahasha ya dalali kilikuwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, risiti ya mpima ardhi iliyofifia, na mchoro wa kiwanja uliopigwa picha kwa simu huku kidole gumba cha mpiga picha kikiwa kimeziba mpaka wa mashariki. Kutoka hapo hadi hati kuna mchoro wa mipango miji wa kupitishwa, ramani ya upimaji ya kuidhinishwa, maombi, ada, na mtu anayeitwa “rudi Jumatatu”.

Hapo ndipo mke wa mwandishi alipomwita mjomba wake.

Mjomba alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini kabla ya magoti kumstaafisha. Alifika Goba na vifaa vitatu: sarafu ya shilingi 200, msumari na ndoo. Dalali, ambaye alikuwa amepokea 20,000 yake ya pili, alimtazama yule mzee kama kuku anavyomtazama mgeni aliyeingia na kisu.

Mjomba alianza kwa kugonga kuta kwa sarafu, sikio limebandikwa kwenye rangi. Halafu akavuta kochi moja lililokuwa limesogezwa sana ukutani. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba na kumenyeka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na unga mweupe wa chumvi umejaa sakafuni. “Hapa waliweka jamvi bila nailoni,” alisema. “Ukuta unakunywa maji kutoka chini.” Alitoka nje, akachokoa tofali la fensi kwa msumari, likamwagika kama sukari. Mfyatuaji mwaminifu, alieleza, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 humtolea tofali 30 hadi 35 za inchi sita. “Huyu alikwenda mpaka hamsini. Humu kuna saruji ya kunusisha.”

“Mzee, hiyo ni fensi tu,” dalali aliteta.

“Tofali za fensi zilitoka kwa fundi gani, na za nyumba kwa fundi gani?”

Dalali akaangalia simu yake.

Kilichomvunja mwandishi moyo kilikuwa ndoo. Mjomba aliijaza maji, akaingia bafu la chumba cha masta, lile lenye vigae vya dhahabu ukutani, akayamwaga yote sakafuni kwa mara moja na kusimama pembeni, mikono nyuma. Maji yalizunguka kidogo kama yanayotafakari. Yakalipita tundu la kutokea bila kulisalimu. Yakavuka kizingiti na kuingia chumbani, yakaelekea sawia mahali ambapo kitanda kingekaa.

“Mkwe wangu,” alisema mjomba, “maji hayana dalali. Yanakwambia kweli.”

Nyuma ya fensi kulikuwa na bonde lililokuwa limetajwa njiani kama mandhari. Chini yake palikuwa na mchirizi mkavu wenye mawe yaliyoviringika, na mawe hayaviringiki kwa kukaa. Dalali alieleza kuwa huo ni mto wa msimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, wala haisemi kwamba mto ukiwa likizo mita zinapungua. Mjomba alihesabu hatua kutoka ukingoni hadi ukuta wa jiko. Zikafika 48, na miguu yake ni mifupi.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Lakini mwandishi alikuwa ameshachagua chumba cha vitabu. Kwa wiki kadhaa alijenga hoja: bafu linarekebishika, ukuta unapakwa dawa, mto haujawahi kuonekana na maji, na kodi ya majengo ya nyumba isiyo ghorofa ni 1,500 tu kwa mwezi, inakatwa kwenye LUKU wala huisikii. Mkewe alimsikiliza mpaka Aprili, Jumamosi moja iliyoamka na mvua ya kuangusha minazi.

“Vaa mabuti,” alisema. “Nyumba inaangaliwa leo.”

Walikwenda bila dalali ili kuokoa 20,000. Waligonga geti wakiwa wamelowa chapachapa. Lilifunguliwa na mama mmoja aliyejifunga khanga kiunoni, beseni mkononi, ambaye hawakuwahi kumwona. Mwandishi alifungua kinywa asalimie.

“Jamani mafundi! Tangu saa mbili nawasubiri! Ngazi ile pale, hebu pandeni haraka, sebule inazama!”

Kuna nafasi ndogo, kama ya sekunde mbili, ambayo mtu anaweza kusema kwamba yeye si fundi. Mwandishi aliipoteza akifuta miwani. Alipotaka kuitafuta tena, mkewe alimfinya kiunoni na kumwonyesha ngazi kwa macho.

Alipanda. Nyuma ya ule ukuta uliofanana na benki, bati lilikuwa limelala likielekea ukutani, na kati ya bati na ukuta kulikuwa na mfereji mwembamba wa zege, umejaa pomoni. Paa la kawaida hutupa maji nje, yakaanguka popote. Paa la kuficha linayapokea ndani ya kuta na kuyategemeza kwenye tundu moja la bomba. Tundu likiziba, hayana pa kwenda ila kwenye jipsamu. Zege lilikuwa limepakwa lami, na juu ya lami lami nyingine, na juu yake kipande cha turubai kilichoshikiliwa na tofali. Mwandishi alitumbukiza mkono kwenye maji baridi hadi kwenye kiwiko, akapapasa majani ya mwembe, mpira wa karatasi, na kitu laini. Alivuta. Ilikuwa kandambili ya mguu wa kushoto.

Mfereji ulinguruma, ukameza, na chini kukasikika kigelegele.

Alishuka akiwa shujaa. Sebuleni kulikuwa na mabeseni manne, sufuria la pilau na poti moja ya mtoto, vyote vimekinga, na ngazi ya chini ya ile dari ilikuwa imeinama kama tumbo la ng’ombe. Taa za bluu zilikuwa bado zinawaka. Yule mama alimtolea mwandishi 10,000 na kumwambia kuwa katika mafundi wote waliokuja tangu wajenge, yeye ndiye wa kwanza asiyeomba hela ya lami. Akawapa chai ya tangawizi.

“Mnapaacha mahali pazuri lakini,” alisema mke wa mwandishi, akipuliza kikombe.

“Tunapaacha vipi?”

“Si mnauza?”

Mama aliweka beseni chini. Hakuna beseni lililowahi kuwekwa chini polepole namna ile. “Inauzwa na nani?”

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwandishi aliwahi kuisoma. Siku hiyo aliisikia ikitekelezwa kwa simu, sauti ikiwa juu, mvua ikiipigia ngoma, huku yeye na mkewe wakirudi kinyumenyume kuelekea getini na kuaga kwa vichwa. Walikuwa wameshawasha gari ndipo alipogundua kuwa bado ameshika ile kandambili.

Jioni dalali alipiga simu. Hakuuliza habari za nyumba. Alisema amesikia wamekwenda kuiangalia bila ofisi, na kwamba kwa utaratibu wanadaiwa 20,000. Mwandishi alimtumia 10,000 aliyoichuma paani na kumwambia nyingine iko kwenye mchakato.

Mwezi Mei walikwenda Chanika na mjomba kuhesabu tofali za kuanzia boma. Walipita kiwanja chao mara mbili bila kukitambua. Msingi ulikuwepo, kozi zake tatu zimesimama imara, na mjomba alizikwaruza kwa msumari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ila ndani yake, chumba kwa chumba, kulikuwa na mahindi. Sebuleni yalikuwa marefu kuliko mwandishi, masta yalichanganywa na kunde, na mahali pa choo cha wageni palikuwa na boga moja kubwa.

Jirani alitoka kwake akipangusa mikono, akawakaribisha shambani. Alieleza kwamba aliona pamekaa bure, na udongo wa kifusi kile una mbolea ajabu. Hana neno, wajenge tu, ni pao. Aliomba jambo moja: wasubiri yakomae.

Mke wa mwandishi alisimama mahali ambapo, kwenye ramani, pangekuwa mlango wa jiko. Akaangalia mawingu, akaangalia mahindi.

“Jikoni tusubiri,” alisema. “Ila masta mtavuna mapema.”