Betri ya Mama Mkwe

Hapa Mpala, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mtu akitaka kujua kama ataitazama mechi, haangalii ratiba. Anaangalia mwezi.

Ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa, taa zinawashwa juu ya maji, na samaki, ambao hawajawahi kusifiwa kwa akili, wanakuja kuona kuna nini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, ndagala hawana haja na taa ya mtu, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kudaiana. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi ni balbu ndogo zinazokula betri ya gari, ile ya volti 12, na televisheni yetu nayo inakula betri hiyohiyo. Ndiyo maana nyumbani kwetu mpira na ndagala wana kesi isiyokwisha, na hakimu ni mama mkwe wangu, kwa kuwa betri ni mali yake. Mitumbwi ni yake pia. Kusema kweli hata kiti ninachokalia ni chake, lakini hajawahi kunikumbusha zaidi ya mara moja kwa juma.

Tarehe 24 Januari 2024 mwezi ulikuwa umebakiza siku moja tu kuwa mpevu. Na usiku huo, katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Ma Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, walikuwa wanakutana na Tanzania mjini Korhogo. Mbingu na CAF, wenye kombe hilo, walikuwa wamepatana. Mama mkwe alitamka hukumu tangu asubuhi: "Betri ibaki nyumbani." Mke wangu akanitazama kana kwamba nimeshinda uchaguzi.

Kucheza na Tanzania, kwa watu wa Mpala, ni jambo la kifamilia. Ng'ambo ya pili ya ziwa ni Karema. Yule Mbelgiji Storms aliyejenga kituo hapa mwaka 1883 alitokea Karema, na Wapadri Weupe walipokipokea kituo miaka 2 baadaye walikuwa wanapokea na Karema pia. Watu wamekuwa wakivuka tangu hapo na kabla ya hapo, wengine kwa biashara, wengine kwa ndoa, wengine kwa madeni. Shemeji yangu mkubwa alivuka kwa sababu zote tatu. Ana mke Karema, ana simu ya Karema, na akija kwetu haibadilishi saa yake, anasema atarudi kesho. Husema hivyo mwezi mzima.

Saa ndiyo iliyotuharibia. Mechi ilikuwa saa mbili usiku kwa Korhogo. Kwa Kinshasa hiyo ni saa tatu, kwetu saa nne, na kwa Karema saa tano. Mjomba wa mke wangu, anayekaa Kinshasa na anayeamini kwamba nchi yote inakaa Kinshasa, alituma ujumbe: "Saa tatu kamili, msichelewe." Redio ya ng'ambo ilikuwa imetangaza saa tano. Mimi nilisema saa nne, nikaeleza kwa ubao mambo ya longitudo, na kama kawaida ya mwalimu katika nyumba ya wakwe, nilisikilizwa kwa heshima kubwa kisha wakafuata ya mjomba.

Basi saa tatu nyumba ilikuwa imejaa. Walikuja majirani na watoto wao, wakaja watoto wa majirani wa majirani, akaja mzee mmoja ambaye mpaka leo hatujui ni ndugu wa nani. Televisheni ikawashwa. Hakuna mpira. Kuizima ikawa aibu mbele ya wageni, kwa hiyo tukatazama muziki wa Kinshasa, halafu tamthilia ambayo mwanamke mmoja alilia kwa muda mrefu sana kwa gharama ya betri yetu. Shemeji aliingia simu yake ikisoma saa tano barabara, ambayo ilikuwa saa nne yetu, timu ndiyo kwanza zinapanga mstari. Katika nyumba nzima mtu pekee aliyefika kwa wakati alikuwa na saa ya nchi nyingine. Alilitaja jambo hilo mara nyingi.

Sasa, kwetu mkwe hanyooshi miguu mbele ya mama mkwe, wala hapigi kelele, wala hamtukani mwamuzi. Yeye alikaa katikati ya chumba, karibu na betri yake. Mimi nilikaa nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, nikaona nusu ya uwanja. Mpira ukienda kushoto nilikuwa na habari kamili. Ukienda kulia ilinibidi nisome uso wa shemeji, na kwa kuwa yeye alishangilia upande wa pili, kila alipofurahi mimi niliugua.

Tatizo lingine lilikuwa Samatta. Mama mkwe anampenda Mbwana Samatta kuliko baadhi ya wanawe. Mwaka 2015, TP Mazembe wetu walipoifunga USM Alger 2-0 pale Lubumbashi na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika, bao moja lilikuwa penalti ya Samatta, na mama mkwe aliisikia redioni akiwa anaanika ndagala. Tangu siku hiyo ni mtoto wetu. Kwamba mtoto huyo ni Mtanzania, na wakati huo alikuwa nahodha wa Tanzania, hilo hakuna aliyekuwa amemfikishia.

"Mwalimu," aliniita, "mbona Samatta amevaa jezi ya watu?"

"Ni ya kwao, mama."

"Na Mazembe walimlea bure?"

Shemeji alijaribu kueleza. Akaambiwa anyamaze, yeye mwenyewe amelelewa bure.

Karibu na mwisho wa mechi ndipo inveta ilianza kulia: pii, pii, pii. Kila anayeishi kwa betri anaijua sauti hiyo. Mtu akasema tupunguze mwanga wa skrini. Mwingine akasema tuizime sauti. Mke wangu akainama chini ya kitanda, akavuta waya, na mwishoni mwa waya zikatoka simu za nusu ya kijiji zikichaji, zimejipanga kama ndagala juu ya mchanga. Ndiyo biashara ndogo ya mama mkwe wakati wa mbalamwezi. Tukamwomba tuzichomoe, dakika kumi tu.

"Wenyewe wamekwisha kulipa," akasema.

Hiyo ndiyo tofauti kati yake na sisi wengine: yeye hata taifa likiwa hatarini hawezi kula hela ya mteja. Skrini ikazimika. Gizani tulisikia pumzi za watu na yule mzee asiyejulikana akiuliza nani amefunga. Hakuna aliyefunga. Mechi iliisha 0-0, Ma Leopards wakapita na sare zao tatu, na mimi nadhani ni timu ya heshima sana kwa watu wasio na umeme, kwani siku nne baadaye waliitoa Misri kwa penalti, kipa Lionel Mpasi akifunga ile ya mwisho, wakawa wamefika robo fainali bila kushinda hata mechi moja ndani ya dakika 120. Guinea ndio walioharibu mwendo huo kwa kufungwa 3-1.

Kisha ikaja nusu fainali na wenyeji, tarehe 7 Februari. Mwezi ulikuwa karibu kwisha kabisa, usiku mweusi tii, usiku wa ndagala. Mke wangu alimwendea mamaye kwa upole na sahani ya sombe. Akarudi bila sahani na bila betri. "Amesema ndagala ndio wanaolipa minervali ya shule," aliniambia. "Ma Leopards hawajamlipia mtoto yeyote."

Tuliisikiliza redioni. Haller wa Côte d'Ivoire alitufunga dakika ya 65, na huko ziwani taa ziliendelea kuwaka. Kitu ambacho redio haikuweza kutuonyesha tulikiona asubuhi kwenye simu ya mtu: wachezaji wetu wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili kwenye panja kama bastola, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki ya nchi yetu. Mama mkwe aliomba aone tena. Halafu akasema kwamba hilo lilistahili betri, na kwamba mtu angemwambia mapema.

Mchana akaniita niandike barua kwa CAF, Misri. Niandike kwa Kifaransa, maana Kiswahili watakichezea. Alitaka waambiwe kwamba mashindano yapangwe wakati wa mbalamwezi, kwamba katika siku za giza watu wanafanya kazi, na kwamba asiyejua hilo hajawahi kuvua kitu. Niliandika vizuri, akaweka dole gumba chini kwa wino ingawa anajua kusoma na kuandika, kwa sababu, alisema, dole gumba linaogopesha zaidi.

Miezi ikapita, tarehe za Kombe la Afrika la Morocco zikatangazwa: kuanza 21 Desemba 2025, fainali 18 Januari 2026. Akatoka na kalenda yenye alama za mwezi, akaifungua magotini, akapitisha kidole. Mwezi mpya 20 Desemba. Mwezi mpya mwingine 18 Januari, siku ileile ya fainali. Akapitisha kidole tena, taratibu. Giza mwanzo, giza mwisho.

"Mwalimu," akasema, "ile barua uliiandika kwa Kifaransa gani?"