Mihogo ya Gavana

Ndugu yangu uliye na mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa. Nilitaka mashua ndogo tu ya mbao, tanga moja, ya kupeleka ziwa Tshangalele kule Kapolowe. Ziwa lenyewe ni kazi ya watu: mto Lufira ulizibwa pale Mwadingusha mwaka 1930, umeme ukaenda kuyeyusha shaba, samaki wakabaki kwetu. Wavuvi wanapiga makasia kutwa nzima, na upepo wa kiangazi unapita bure juu ya vichwa vyao. Jambo hilo linaniuma.

Mbao alitumwa shemeji, tunayemwita Amirali, maana alizaliwa Kalemie, bandari ya ziwani, na hatuachi tusahau. Nilimwambia alete mulombwa, mti usiovimba wala kunyauka ovyo. Alileta mulombwa wa mkuku peke yake. Mbavuni kote ni mkalitusi.

"Shemeji, mkalitusi ni mrefu!"

Ni mrefu, kweli. Lakini kwa ukavu wa kwetu Likasi, kufika Agosti kila mwanya ulipitisha kidole cha mwanangu Kabange. Nikaanza kalafati. Mafundi wa pwani huziba kwa pamba na mafuta ya nazi. Mimi nina mawese, yakafaa. Kyungu, pacha mwenzake Kabange, akaichomoa pamba yote amtengenezee mwanasesere wake nywele. Turubai la tanga nalo likachukuliwa na mama yao kufunika magunia ya makala.

"Baba Mapasa, tanga halipiki bukari," akaniambia. Kwa hoja ile nani angebisha?

Tulikuwa hapo, ndipo bomba lililokauka siku nyingi likatoa maji usiku. Mama mkwe, ambaye kwa heshima yote tunamwita Gavana, akaamuru kila chombo kijazwe: ndoo, bidoni, sufuria, na chombo changu pia. Asubuhi nikakuta mihogo imelowekwa toka omo hadi shetri.

"Baba, karai lako hili Mungu alibariki," akaniambia.

Maji yalitiririka chini ya mashua, baadaye yakawa ya kudondoka, kisha yakakoma. Mkalitusi ulikunywa ukavimba, na mianya ikabanana yenyewe. Mashua ya mbao ndivyo ilivyo: hushiba maji kwanza, ndipo isafiri, na ikiachwa ikauke inafunguka tena. Kwa hiyo Amirali ametembea mtaa mzima akisema ndiyo sababu aliuchagua mkalitusi, mapacha wanavua samaki wa kuwaza kati ya mihogo, na mimi siwezi kumwambia Gavana aondoe mali yake bila kuiua mashua yangu. Naye analijua hilo vizuri. Fungu moja likitoka kwenda kuanikwa, jingine linaingia. Bukari letu siku hizi ni jeupe kuliko la jirani yeyote.

Mwenye lori linaloelekea Kapolowe, tafadhali apite kwetu. Mashua haivuji, mlingoti upo, tanga nitalidai. Aje alfajiri tu, kabla Gavana hajamenya mingine.