Kichanja cha Ata

Ukame wa 2011 ulipokaza, mgao uliletwa Longech, kando ya Ziwa Turkana, ukiwa mahindi ya punje nzima, makavu kama kokoto. Kisiagi tulichokitegemea kilikuwa Kalokol, ng'ambo ya ghuba, na mama hakuwa na nauli ya mashua. Akayaloweka usiku kucha, alfajiri akabandika sufuria, akaniambia, "Moto usizimike," akachukua panga akaenda zake.

Kuni za mathenge zikaisha adhuhuri. Nikitafuna punje, bado inaligomea jino. Nikang'oa mti mmoja wa kichanja cha kuanikia samaki, kisha wa pili. Wa tatu ulipotoka kichanja kikalala upande, na tilapia wa Ata, bibi yangu, waliopasuliwa na kutiwa chumvi, wakaporomoka mchangani. Mbwa walifika kabla yangu.

Ata hakunichapa. Aliketi akaitazama sufuria kwa muda mrefu.

Alifika ghubani akiwa kigori, wakati wa njaa ya 1960 na 1961, serikali ya mkoloni ilipowakusanya hapo waliofiwa na mifugo na kuwafundisha kuvua kwa nyavu. Kwa wafugaji, kula samaki kulikuwa alama ya kufukarika. Akala, akazoea, mwisho akapenda. Miaka ya 80 serikali na Norwei zikajenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, wapelekwe mijini. Gharama ya kugandisha ikashinda bei ya samaki, mitambo ikanyamaza mapema, na ghuba yenyewe ikakauka kwa muda. Sasa yakaja mahindi.

"Naambiwa nile nini tangu utoto wangu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kuni natoa wapi."

Neno hilo halijanitoka. Unga wa uzito uleule ungeiva kabla maji ya chai hayajapoa, na kichanja kingebaki kimesimama. Aliyeandika orodha ya mgao alijua kilo. Jiko letu hakuliona, na kosa hilo silioni dogo.

Jioni Ata aliokota tilapia watatu waliosalia, akawaosha mchanga, akawatumbukiza kwenye mahindi. Tulikula saa tatu usiku, sisi watoto tukichokora samaki na kuacha punje. Kulipokucha, yeye na mama wakatoka na panga kutafuta miti ya kichanja kingine.